Bi Mwanne na Ukuta Ulioumwa Manjano

Treni ya kutoka Kigoma ilitakiwa kuingia Tabora saa mbili usiku. Saa sita ilikuwa imekwisha kupita, na Batuli alikuwa hajasikia honi yake. Alikaa sebuleni kwake Kanyenye, mlango wa mbele ameuegesha tu, na kila mbwa alipobweka mtaani aliinuka, akachungulia nje, akarudi kukaa. Mumewe Shomari alikuwa stesheni tangu magharibi. Angerudi na jibu kutoka Ujiji, na jibu lilikuwa moja kati ya mawili: ama binti yao Mwamvita ataolewa mfunguo mosi, Ramadhani ikiisha, kama ilivyopangwa, ama posa imevunjika, na mji mzima utasema imevunjika kwa sababu ya ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe haukuwapo. Hilo ndilo lililomkereketa Batuli kuliko yote. Mtoto wake alikuwa mzima, anakula, anacheka, analala usingizi mzuri kwenye chumba cha ndani alikowekwa mwali. Kilichoumwa kilikuwa picha.

"Mama Mwamvita, hebu keti," alisema Bi Mwanne. "Hata ukirefusha shingo mpaka Urambo, treni itakuja inapotaka."

Bi Mwanne alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka, kichwa kaweka juu ya mfuko wake wa ngozi, ule wa kamera. Picha zote mbili, iliyoleta balaa na iliyopelekwa kuondoa balaa, alipiga yeye. Mwanamke mwingine angejifungia kwake Mtendeni akangoja kuletewa habari. Yeye alikuja tangu alasiri na kikapu cha mihogo. Alisema hatoki mpaka jibu lifike, na kama ni la matusi, basi atukanwe usoni. Batuli alimtazama pale mkekani chini ya globu moja iliyoning'inia, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na saba, vidole vyake vimebabuka kwa dawa za kusafishia picha, na pamoja na hofu yake yote alijiona ana bahati kuwa na mtu kama huyu upande wake.

Batuli hakuwahi kumjua mwanamke mwingine aliyebeba kamera. Mwaka huo wa 1971 wapiga picha wa Tabora walikuwa wanaume, na hata Mwanne mwenyewe hakuanza kwa kutaka. Alizaliwa Mtendeni, baba yake seremala wa milango. Alisoma chuo cha Kurani mpaka akahitimu, shule ya serikali akaenda miaka miwili, kisha akaolewa na Yahaya, kijana aliyekuwa amefunzwa kazi ya picha na Mhindi mmoja mwenye duka. Yahaya alifungua studio yake mwenyewe: chumba kimoja, pazia lililochorwa maua, viti viwili na chumba cha giza kisichozidi ukubwa wa kabati.

Miaka michache baadaye macho ya Yahaya yakaanza kuingia ukungu. Kupiga picha aliweza bado kwa mazoea, lakini kusafisha kulimshinda, kwa kuwa kule kwenye giza, chini ya taa nyekundu, lazima mtu aione picha inavyojitokeza majini na aitoe wakati wake ukifika. Akichelewa, nyuso zote zinakuwa masizi. Mwanne akaanza kuingia naye. Alisimama ubavuni mwake, akaangalia karatasi kwenye beseni, akasema, "Bado. Bado. Bado kidogo. Haya, sasa." Yahaya akaitoa. Miaka saba walifanya kazi hivyo, mikono ya mume, macho ya mke, na wateja hawakujua kitu.

Yahaya alikufa mwaka uliofuata Uhuru. Ndugu zake walikuja baada ya matanga kuchukua vitu vya marehemu. Mwanne aliwatolea baiskeli, viti, saa ya ukutani, hata lile pazia la maua. Kamera hawakuiona. Waliitafuta uvunguni na darini, wakaondoka wakinung'unika kwamba labda marehemu aliiuza. Ilikuwa ndani ya mtungi wa unga, imefungwa kitenge mara tatu.

Kamera akawa nayo, ila wateja hapana. Mwanaume gani angeenda kukaa mbele ya mjane amwambie ainue kidevu? Studio ilikaa kimya karibu mwaka. Aliishi kwa kupaka rangi picha za wapiga picha wengine, maana picha zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mkono wake wa kupaka mashavu na maua ya kanga kwa brashi ndogo ulisifiwa.

Kilichomwokoa ni mila. Kwa watu wa mjini, binti akishawekwa ndani kungojea ndoa, hakanyagi nje wala mwanamume asiye ndugu haingii chumbani mwake. Madirisha yanazibwa na jua halimgusi. Anasingwa mwili kwa manjano, anafundwa, na siku ya kutoka ndiyo watu wanamwona ameng'ara. Kwa hiyo katika mji mzima hapakuwa na picha ya mwali hata moja. Wapiga picha wote walingoja barazani mpaka siku ya harusi, na siku hiyo mtoto wa watu kafunikwa gubigubi, picha inaonyesha nguo. Mama mmoja wa Kanyenye ndiye aliyewaza: kwani Mwanne si mwanamke?

Akaitwa, akaingia. Tangu siku hiyo vyumba vya ndani vya Tabora vikawa studio yake. Alijifunza kupiga picha mahali ambapo wenzake wangesema hapapigiki. Aliweka karabai huku na kioo cha kujitazamia kule. Akatandaza shuka nyeupe pembeni, nje ya picha, ili mwanga urudi kwenye shavu lililokuwa gizani. Wasichana walioshindwa kukaa bila woga aliwachekesha kwa kumwigiza karani wa stesheni anavyogonga muhuri huku anasinzia. Batuli aliwahi kuona picha ya jirani yake aliyoipiga kwa globu moja tu, na msichana yule alionekana kama aliyekaa karibu na dirisha asubuhi, wakati dirisha lenyewe lilikuwa limezibwa kwa magunia.

Baada ya Azimio wapiga picha nao waliambiwa waungane wafanye kazi kwa ushirika. Mkutanoni mwanamume mmoja alimwuliza mbele ya watu, "Bi Mwanne, wewe umekuja kutupikia chai?"

"Nitaipika," akajibu, "na wewe kesho utaingia kwa mwali wa sheikh ukampige picha. Nenda umwombe ruhusa baba yake."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Aliandikwa mwanachama wa nne. Baada ya hapo alipelekwa mpaka vijijini, Kwihara na mbele zaidi, kuwapiga picha akina mama wa vijiji vya ujamaa ndani ya mabanda ya tumbaku, ambamo mchana na usiku ni mamoja.

Huyo ndiye mtu aliyeitwa na Batuli, mwali wake alipohitaji picha. Nani angemwita mwingine?

Sasa, mchumba wa Mwamvita aliitwa Shaban, karani wa reli Kigoma, kijana mpole. Shida ilikuwa mama yake, Bi Amne wa Ujiji. Bi Amne alikuwa na sababu. Mtoto wake wa kwanza alioa msichana ambaye wazazi walimficha maradhi. Haukupita mwaka, macho ya msichana yakawa manjano kama bizari, tumbo likavimba, akafa. Bi Amne alimwosha mwenyewe. Kwa hiyo alipoambiwa Mwamvita yuko ndani na haonekani, alituma neno: "Picha nyeusi na nyeupe zinaficha. Nataka ya rangi." Shaban akanunua filamu ya rangi, akaituma Tabora kwa mkono wa gadi wa treni.

Mwanne alikuwa hajawahi kushika filamu ya rangi. Aliigeuza geuza, akaona inaingia kwenye kamera kama zile nyingine, akafanya alivyofanya miaka yote. Alifunga globu tatu, akamkalisha Mwamvita mbele ya ukuta ambao Batuli alikuwa ameupaka chokaa juzi yake kwa mikono yake mwenyewe, akapiga. Filamu ya rangi haikuweza kusafishwa Tabora. Ilipelekwa Dar es Salaam, kutoka hapo Nairobi, na bahasha ya kurudishia iliandikwa jina la Shaban. Hivyo wa kwanza kuiona picha alikuwa Bi Amne.

Baada ya majuma manne barua ikafika Kanyenye, na picha ndani yake. Batuli aliitoa, akaitazama. Mwanawe alikuwa wa rangi ya papai bivu. Uso, shingo, vitanga vya mikono, meno. Na macho, yale macho ambayo mama mkwe aliyangojea, yalikuwa ya manjano tupu. Barua ilikuwa fupi. *Mama anasema mmwambie ukweli. Amesema hataki kuzika tena.*

Siku zile Batuli hakulala. Jirani mmoja alisema ni manjano ya kusingia yamezidi. Mwingine alinyamaza, na huyo ndiye aliyemtia hofu zaidi. Usiku aliingia na taa chumbani kwa Mwamvita, akamfunua kope amelala.

"Mama, unanitafuta nini machoni?"

"Lala, mwanangu. Nilidhani una chokea."

Alimwita Tekla, muuguzi, akaja kumpima nyumbani. Tekla alitoa gunia moja dirishani upande usio na jua, akamwangalia macho, ulimi, kucha, akachukua na mkojo kwenda nao hospitali. Akarudi na cheti: hana kitu. Lakini Batuli alijua cheti hakitamtuliza mwanamke aliyekwisha kudanganywa na wazazi wenye vyeti.

Mwanne alipoletewa habari alifika bila hata kujifunga kanga vizuri. Alichukua picha. Akaenda nayo mlangoni, akarudi nayo mpaka ukutani, akaiweka juu ya chokaa.

"Mama Mwamvita, ukuta huu ulikuwa wa rangi gani siku ile?"

"Si ndio huo. Mweupe."

"Una hakika?"

"Nimeupaka mwenyewe, dada, mpaka ngozi ikanitoka!"

"Basi tazama ukuta ndani ya picha. Nao unaumwa nyongo?"

Batuli akatazama. Alikuwa ameikodolea picha siku tatu, akitafuta ugonjwa wa mtoto wake, na hakuwahi kuuona ukuta. Ulikuwa wa manjano kuanzia juu mpaka chini. Akaanza kucheka, akajikuta analia.

"Kosa ni langu," Mwanne alisema. Hakulitafuna neno hilo. "Miaka yote nimefanya kazi kwa globu na sikujua globu ina rangi. Filamu nyeusi na nyeupe haijali. Hii inajali."

Akamshika Batuli mkono, akamwonyesha. Ilikuwa alasiri. Katika ukumbi wa nyumba alitundika shuka nyeupe, nusu ikipata mwanga wa mlango wa uani, nusu ikipata mwanga wa globu tu. Batuli aliangalia kila nusu peke yake, akasema zote nyeupe. "Usiziangalie moja moja. Simama mbali uzione pamoja." Aliporudi nyuma hatua nne akaona kitu ambacho kilikuwa nyumbani kwake tangu umeme uingie, naye hajakiona: upande wa globu ulikuwa kama shuka iliyomwagikiwa chai.

"Wewe unajua shuka ni nyeupe," Mwanne alisema, "kwa hiyo jicho lako linakuonyesha nyeupe, kukuridhisha. Filamu haijui shuka wala haimjui Mwamvita. Inaandika inachoona."

"Sasa tutafanyaje?"

"Nimtoe uani dakika moja tu. Jua la asubuhi."

Batuli akakataa. Mwali wa miezi mitatu, imebaki miwili tu, amtoe juani? Kungwi angesema nini? Kwao alitoka hivyo yeye, na mama yake, na hakuna aliyevunja mwiko. Mwanne alimtazama, hakubishana.

"Basi sitamtoa. Nitatafuta namna ya kulileta jua ndani."

Alihangaika juma zima. Siku ya Ijumaa alikuja akamkuta Batuli uani anasuuza kanzu za Shomari, na beseni la mwisho maji yake ya buluu.

"Kwa nini unatia buluu?"

"Dada, leo umekuwaje? Nguo nyeupe ikizeeka inakuwa manjano. Buluu inayaua manjano."

Mwanne alibaki na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini, akaondoka bila kuaga. Batuli alidhani amemkosea.

Kumbe alikwenda kufungua sanduku la marehemu. Humo mlikuwa na vioo vya picha vya zamani, vya enzi kabla ya filamu, ambavyo Yahaya hakuvitupa. Kioo cha namna hiyo kina ngozi nyembamba ya dawa upande mmoja. Mwanne aliviosha kwenye dawa mpaka vikawa vyeupe vinavyopitisha mwanga, ile ngozi ikabaki, kisha akavichovya kwenye wino wa buluu wa kuandikia uliotiwa maji. Ngozi ikanywa wino. Kioo cha kwanza kilipauka, cha pili kikawa kama usiku. Alifanya vioo kumi na moja. Kila alasiri alikuja kwa Batuli, akatundika shuka yake, akatazama nusu ya mlango kwa jicho tupu na nusu ya globu kupitia kioo, akasema, "Bado," akarudi Mtendeni. Batuli alikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anasema vile vile alivyomwambia mumewe gizani.

Kioo cha tisa ndicho kilichozifanya nusu mbili za shuka zifanane.

Filamu ya pili aliipata kwa padre mmoja wa misheni. Padre alimsomea maandishi ya kwenye boksi: imetengenezwa kwa mwanga wa jua. "Nimekwisha kujua, baba," Mwanne alimjibu. "Nimeambiwa na ukuta."

Siku ya kupiga aliazima globu kwa majirani, zikawa tano, maana kioo cha buluu kinameza mwanga mwingi. Aliziwasha zote kwa mpigo na fyuzi ikalia pwaa, nyumba ikawa giza, kungwi akaanza kusoma dua. Shomari akatengeneza fyuzi. Kisha Mwanne akawaza jambo ambalo Batuli asingelifikiria kamwe. Watu wa Ujiji hawaujui ukuta wa Kanyenye. Wakiuona mweupe, ni ukuta tu. Akauliza: posa ilipoletwa, Bi Amne alileta nini kwa mkono wake mwenyewe? Batuli akatoa sandukuni bafta nyeupe, mpya, haijakatwa.

"Ashike hii, karibu na uso. Mwenyewe anaijua ilivyo nyeupe."

Mwamvita akashika bafta. Mwanne akafunga kioo mbele ya kamera kwa mpira wa baiskeli. "Nikisema sasa, usipumue, usipepese, mpaka nihesabu nne. Ukipepesa, mchumba atapata mke mwenye macho manne." Msichana akacheka, akatulia, akapigwa.

Picha ilirudi majuma manne baadaye, safari hii kwa anwani ya Mwanne. Bafta ilikuwa nyeupe, ukuta mweupe, na Mwamvita alikuwa wa rangi yake, ile ya maji ya kunde aliyozaliwa nayo. Mwanne aliiangalia muda mrefu. Miaka iliyofuata watu wengi walimpelekea maswali ya namna hii. Ofisi za chama zilipowekewa zile taa ndefu za mrija na watu wakatoka kijani kama papai bichi kwenye picha za rangi, yeye ndiye aliyeitwa, akaja na shuka yake na boksi la vioo, safari hii vya rangi ya waridi, akasimama mlangoni akisema bado, bado. Wale waliomwuliza habari za chai walikuja kujifunza kwake. Lakini siku ile hakuwa anawaza sifa. Alimkabidhi Shomari picha aitume Ujiji, akasema, "Sasa tusubiri."

Ndipo wakawa wanasubiri.

Honi ililia karibu na alfajiri. Batuli alikuwa amesinzia ameketi. Alisikia adhana, kisha hatua, akatoka barazani. Shomari alikuwa anakuja, kofia mkononi, na nyuma yake mwanamke mrefu wa makamo, mtandio mweupe kichwani, mfuko begani.

"Ni Bi Amne," Shomari alisema chini chini. "Kaja mwenyewe."

"Shikamoo, dada," Batuli alisema.

"Marahaba. Poleni na usiku."

"Karibu ndani. Karibu sana."

"Hapa panatosha." Bi Amne akaketi barazani, viatu miguuni, mfuko mapajani.

Kwa watu wao, anayekuja kuvunja posa haingii ndani. Anamaliza maneno yake barazani, anaacha alichokuja kukiacha, anakwenda zake bila kuvua viatu. Tangu hapo Batuli hakuondoa macho kwenye vile viatu, makubazi ya ngozi nyeusi yenye vumbi la safari.

Bi Amne alitoa picha mbili, akaziweka pamoja kwenye goti. "Hii ya kwanza ilinikosesha chakula. Hii ya pili nimeipenda. Bafta yangu nimeitambua." Akaigonga hiyo ya pili kwa kidole. "Lakini ndani ya behewa nilikaa na watu wa Tabora. Wakaniambia mpiga picha wenu ni bingwa wa kupaka. Anampa rangi hata maiti. Sasa nauliza, anayeweza kuuponya ukuta, atashindwa kuyaponya macho?"

Sifa zote ambazo Batuli alikuwa akimsifu Mwanne mtaani zilikuwa zimewarudia vibaya.

Mwanne akatoka mlangoni, kanga begani. "Shikamoo. Mpiga picha ni mimi. Na kupaka napaka, hawakukudanganya. Rangi ya brashi inatoka kwa mate. Tia kidole ulimini, usugue macho yake hapo pichani."

Bi Amne akamtazama, akalowesha kidole gumba, akasugua. Akatazama kidole. Hakikuwa na kitu.

"Labda una rangi nyingine."

"Labda. Basi usiniamini mimi." Mwanne akarudi nyuma, akaufungua mlango wazi, globu ya sebuleni bado inawaka. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka. "Tafadhali simama hapa kizingitini, nusu huku nusu huku. Shika mtandio wako, uunyooshe. Usiangalie upande mmoja mmoja. Angalia yote."

Bi Amne aliinuka shingo upande. Akashika mtandio kwa mikono miwili. Alitazama, akaugeuza, akatazama tena. Upande wa nje ulikuwa mweupe wa baridi. Upande wa ndani ulikuwa manjano. Kisha akauona na mkono wake mwenyewe, vidole vya ndani na vidole vya nje, kama mikono ya watu wawili.

"Ala! Mimi nami nina nyongo?"

"Ungepigwa picha pale chini ya globu, dada, wakwe zako wangeivunja posa yako."

Shomari akakohoa kuficha kicheko. Mwanne akampa Bi Amne kioo cha buluu atazame nacho upande wa ndani. Bi Amne akakiweka jichoni, akakitoa, akakirudisha. Alifanya hivyo mara nyingi, na hakuna aliyemharakisha. Alipokitoa mara ya mwisho macho yake yalikuwa na maji.

"Yule marehemu wetu," alisema, "alikuwa manjano hata juani. Niliyafumba mimi macho yake. Nilipoiona hii picha niliona naletewa yeye tena."

"Haki yako," Batuli alisema. "Mimi nami nilimfunua wangu kope usiku."

Wakatazamana, akina mama wawili. Bi Amne akaegemea nguzo ya mlango, akainua mguu mmoja, akavua kubazi, kisha la pili, akayaweka kando ya viatu vya Shomari.

"Nionyeshe mwanangu," alisema.

Batuli alitangulia mbio, nusura ajikwae mkekani. Kungwi alikuwa amekwisha amka, akafungua chumba cha ndani. Mle ndani mlikuwa giza. Mwamvita alikaa kitako kitandani, kanga mpaka kichwani. Batuli akapeleka mkono kwenye swichi.

"Hapana," alisema Bi Amne nyuma yake. "Hiyo nimekwisha kuijua."

Mkono wa Batuli ukabaki hewani. Chumba kile kilikuwa na mlango wa pili, wa kutokea uani, uliowekwa komeo tangu siku mwali alipoingia. Kwenye nyufa za mbao zake mwanga wa asubuhi ulikuwa umeshaanza kupenya. Batuli alimtazama Mwanne aliyesimama ukumbini. Mwanne alikuwa ameliomba hilo jua siku nyingi zilizopita, akanyimwa. Batuli akauendea mlango.

"Mama Mwamvita, jua!" kungwi akamaka.

"Litaishia kizingitini," Batuli alisema. "Mwanangu, geuka huku, uinue uso."

Akashika komeo kwa mikono miwili, akalivuta, na mlango wa uani ukafunguka.